Dhahabu ya Kilwa katika Mji wa Lisbon

Msafiri ashukaye Lisbon adhuhuri na kutakiwa kuondoka usiku hana budi kuchagua atakachokiona na atakachokiacha. Mji huo mkuu wa Ureno umekaa juu ya vilima kando ya mto Tejo, karibu na mahali mto umwagapo maji yake katika bahari ya Atlantiki. Warumi waliukaa; Waislamu waliutawala kwa zaidi ya karne nne, mpaka mfalme Afonso Henriques alipouteka mwaka 1147; na mtaa wake mkongwe, Alfama, hata leo unaitwa kwa jina la Kiarabu. Mambo ya namna hiyo hayamaliziki kwa alasiri moja. Wageni wengi huambiwa wapande kilimani kwenye ngome, wasikilize nyimbo za majonzi ziitwazo fado, kisha waende zao. Si ushauri mbaya. Lakini mgeni atokaye pwani ya Afrika Mashariki ana njia yake, ambayo hakuna aliyemtilia alama. Huanzia Belém, upande wa magharibi, hufuata ukingo wa mto kwenda mashariki, na huishia kwenye uwanja wa Terreiro do Paço. Urefu wake ni kilomita sita au saba. Katikati yake, ndani ya sanduku la kioo, imo dhahabu ya Kilwa.

Yafaa aanze na jambo la karibuni, arudi nyuma polepole. Ukingoni mwa mto pale Belém umesimama mnara mkubwa wa mawe na saruji, umbo lake kama omo ya merikebu inayotaka kuingia majini. Mbele kabisa amesimama Henrique, mwana wa mfalme, na nyuma yake, pande zote mbili, wamepanda manahodha, mapadri, washairi na wachora ramani, jumla yao watu 33 pamoja naye. Mnara huu ulisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1940 kwa vitu visivyodumu, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya serikali ya Salazar. Mwaka 1960 ukajengwa upya ili udumu, kwa kuadhimisha miaka 500 tangu kufa kwa Henrique. Chini yake, sakafuni, imetandazwa dira ya mawe ya rangi yenye upana wa mita 50, zawadi iliyotolewa na Afrika Kusini, na ndani yake ramani ya dunia nzima. Watoto hupenda kuruka juu yake kutoka bara moja hadi bara jingine. Maandishi ya mnara yanamtukuza Henrique pamoja na Wareno waliovumbua njia za bahari.

Waliovumbua njia za bahari: mgeni wa pwani huyasoma maneno hayo mara mbili. Vasco da Gama alitweka tanga kutoka ukingo huu huu tarehe 8 Julai 1497, akazunguka Rasi ya Tumaini Jema, akafika Msumbiji, kisha Mombasa, ambako hakuelewana na wenyeji, kisha Malindi mwezi wa Aprili 1498. Hapana shaka kwamba kuizunguka Afrika mpaka hapo kulikuwa kazi ya mabaharia hodari, wala si haki kuwanyima sifa hiyo. Lakini kutoka Malindi hadi Calicut aliongozwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, na bahari aliivuka kwa muda usiofika mwezi. Kwa miaka mingi imesemwa kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Julfar. Wataalamu wengi sasa hawakubali, nao humtaja kuwa mtu wa Gujarat. Awe nani, njia aliijua kabla ya abiria wake kuiuliza. Majahazi yalikuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi kwa karne nyingi kabla ya Henrique kuzaliwa.

Jambo jingine laufanya mwaka 1960 kuwa mgumu kusomeka kwa utulivu. Tarehe 16 Juni mwaka huo watu wengi walikusanyika Mueda, katika nyanda za Wamakonde kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Miongoni mwa viongozi wao walikuwamo waliokuwa wametoka Tanganyika, ambako Wamakonde wengi walikwenda kutafuta kazi na ambako walikuwa wamesikia lugha mpya ya uhuru. Walitaka kuzungumza na mtawala wa Kireno. Askari walifyatua risasi juu ya umati. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hata leo, wengine wakitaja mamia, wengine wakitaja wachache zaidi. Kwamba watu waliuawa haibishaniwi. Miaka miwili baadaye, Juni 1962, FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam. Msumbiji ikapata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975. Mnara wa Belém, kwa hiyo, si kumbukumbu ya karne ya kumi na tano peke yake. Ni sauti ya serikali iliyokuwa ikiogopa kupoteza ilichokuwa nacho, nayo ilichagua neno uvumbuzi kwa sababu neno hilo halimtaji mtu wa upande wa pili. Anayevumbua hana haja ya kueleza nani alikuwa hapo kwanza.

Ng'ambo ya reli na barabara iko nyumba ya watawa ya Jerónimos, nyeupe, ndefu, imechongwa kama mlango wa Lamu uliofanywa wa jiwe la chokaa: kamba za merikebu, matawi, matumbawe, tufe za kupimia nyota. Mfalme Manuel I aliianza mwanzoni mwa karne ya kumi na sita, mahali palipokuwa na kikanisa ambamo mabaharia waliomba kabla ya kusafiri. Fedha za ujenzi zilitoka hasa katika sehemu moja ya ishirini ya mapato ya biashara ya Afrika na Mashariki. Ni dhahiri basi kwamba katika kila jiwe mna pilipili, na katika mengine mna dhahabu ya Sofala. Tetemeko la ardhi la mwaka 1755, lililouangusha mji, halikuiangusha nyumba hii.

Ndani ya kanisa, mara baada ya mlango, yapo makaburi mawili yanayotazamana, yaliyochongwa katika karne ya kumi na tisa. Kulia na kushoto wamelala Vasco da Gama na mshairi Luís de Camões, mikono yao ikiwa imeunganishwa kifuani kwa sala. Vasco da Gama alifia Cochin katika mkesha wa Krismasi mwaka 1524, na mifupa yake ilihamishwa zaidi ya mara moja kabla ya kufika hapa. Ya Camões wengi huitilia shaka. Huyu mshairi ndiye aliyewafundisha Wareno wote kuisifu Malindi kwa ukarimu na kuishutumu Mombasa kwa hila, katika utenzi wake mkuu uliopigwa chapa mwaka 1572. Na sifa kama hiyo, ikiisha kuandikwa kwa ufundi, haifutiki upesi. Mbele zaidi, karibu na altare, mfalme Manuel amelala katika jeneza la jiwe lililobebwa na tembo wa marumaru.

Neno la Kireno la nyumba ya ibada kama hii ni igreja. Wataalamu wa lugha husema kwamba neno letu gereza limetokana nalo. Mahali pa pwani palipokuwa na kanisa la Kireno palikuwa na ngome, na kanisa lilikuwa ndani ya ngome. Jina la kitu kilichomo likageuka kuwa jina la kuta zilizokizunguka, na kuta hizo, wenyewe walipokwisha kuondoka, zikatumika kufungia watu. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa kuanzia mwaka 1593, ilikuwa jela ya Waingereza mpaka mwaka 1958. Mswahili asimamaye katikati ya kanisa hili, chini ya nguzo nyembamba zinazopanda kama mitende, anasimama basi ndani ya neno ambalo kwao lina pingu. Maneno mengine ya Kireno hayakumwumiza mtu: meza, kopo, bendera, leso, mvinyo. Atayasikia yote kabla ya jua kuchwa, yakitamkwa kwa pua kidogo.

Nje watu wamepanga foleni kununua vikeki vya mayai ambavyo vimeuzwa hapo tangu mwaka 1837. Mwenye alasiri moja na anunue kimoja, akile njiani, apande tramu iendayo mashariki. Yapata saa kumi atakuwa amefika chini ya mtaa wa Janelas Verdes, ambapo iko Nyumba ya Taifa ya Makumbusho ya Sanaa za Kale.

Kitu anachokwenda kukitazama ni monstransi, yaani chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuonyeshea Ekaristi mbele ya waumini. Kimo chake ni sentimita 73. Ni cha dhahabu, kimetiwa rangi za kioo kilichoyeyushwa kwa moto, nyeupe, kijani, buluu na nyekundu. Katikati wamepiga magoti mitume kumi na wawili wakiizunguka Ekaristi, kila mmoja na sura yake, kila mmoja na joho la rangi yake. Juu yao kuna vijumba na minara midogo kama ya kanisa zima lililopunguzwa mpaka likatosha mikononi. Kazi hii hunasibishwa na mfua dhahabu Gil Vicente, ambaye wengi huamini kuwa ndiye mtu mmoja na yule mtunzi wa michezo ya kuigiza mwenye jina hilo. Mfalme Manuel aliwaachia watawa wa Jerónimos katika wasia wake. Nyumba za watawa zilipofungwa mwaka 1834, kilipelekwa kwenye karakana ya kufulia sarafu, na kingaliweza kuyeyushwa kama si mfalme Ferdinand II kukiokoa kwa kuithamini kazi yake.

Watu husimama, hustaajabu, hupita. Wachache huinama kusoma ukingo wa kitako, ambako maandishi yamezunguka pande zote kwa herufi za rangi. Yanasema kwamba mfalme mkuu na mwenye nguvu Dom Manuel wa Kwanza aliamuru kitu hiki kifanywe kwa dhahabu ya parias za Kilwa, na kwamba kilimalizika mwaka 506, maana yake 1506.

Parias ni neno lenye historia ndefu. Katika karne ya kumi na moja, dola ya Waislamu wa Andalusi ilipovunjika vipande vipande, watawala wao wadogo walianza kuwalipa wafalme wa Kikristo wa kaskazini dhahabu kila mwaka ili wasishambuliwe. Malipo hayo yaliitwa parias. Si ushuru wa bidhaa, si bei ya kitu, si zawadi. Ni malipo ya mnyonge kwa mwenye upanga ili aishi mwaka mwingine. Mfalme Manuel alipolichagua neno hilo alikuwa akiitia Kilwa katika daftari la zamani la nyumbani kwake: Ibrahim wa Kilwa aliandikwa katika ukurasa mmoja na wafalme wa Zaragoza na Sevilla waliokufa miaka mia nne iliyopita.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka 1500 Cabral alifika Kilwa na merikebu zake akataka biashara na urafiki, hakupata alichotaka. Julai 1502, Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alitia nanga mbele ya mji akiwa na merikebu nyingi na mizinga. Amiri Ibrahim alilazimishwa kukubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa dhahabu. Wasimulizi wa Kireno wanahitilafiana juu ya namna mambo yalivyokwenda; kiasi kinachotajwa mara nyingi ni mithkali 1,500, na kama mithkali moja ni gramu 4.25, hiyo ni zaidi ya kilo sita. Dhahabu ikasafiri mpaka India, ikarudi, ikafika Lisbon mwaka 1503.

Hapo ndipo tarehe zinapokuwa na uzito. Mfua dhahabu angali kazini, tarehe 24 Julai 1505, Francisco de Almeida alishuka Kilwa na askari wake. Mji ukatekwa na kuporwa, Ibrahim akakimbia, mtu mwingine, Muhammad Ankoni, akawekwa juu ya kiti, na ngome ikaanza kujengwa ufukoni. Mwezi uliofuata Mombasa ikachomwa moto. Kwa hiyo herufi zilipotiwa rangi mwaka 1506, yule aliyelipa ili asishambuliwe alikuwa amekwisha kushambuliwa. Malipo yamehifadhiwa, ahadi haikuhifadhiwa hata miaka minne. Wareno wenyewe waliiacha ngome ya Kilwa mwaka 1512, kwa kuwa biashara waliyoifuata ilikuwa imetawanyika mikononi mwao.

Isidhaniwe kwamba dhahabu ile ilichimbwa Kilwa. Ilitoka katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikachukuliwa mpaka Sofala, na Kilwa ilipata utajiri wake kwa kuikalia njia hiyo na kuitoza. Kwa mapato hayo ulijengwa msikiti mkuu, na jumba la Husuni Kubwa likasimama juu ya jabali. Ibn Battuta aliuona mji mwaka 1331 akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri, na hakuficha kwamba mfalme wake alizoea kuwavamia watu wa bara. Kilwa nayo, basi, ilikuwa na wanyonge wake. Walioteremka mashimoni kuchimba hawakuandikwa Kilwa wala Lisbon.

Pamoja na hayo yote, maandishi ya mwaka 1506 yana jambo ambalo yale ya mwaka 1960 hayana. Yanakiri. Mfalme Manuel hakuona haya. Alijivunia, na kwa kujivunia akasema kweli: dhahabu ni ya Kilwa, nayo ilitolewa kwa nguvu. Hakusema kwamba aliivumbua. Karne nne na nusu baadaye, waandishi wa mnara wa mtoni walikuwa wamejifunza adabu ya kutolitaja jina la mtoaji.

Kutoka makumbusho mgeni anaweza kwenda kwa miguu kuelekea mashariki. Hupita Madragoa, sehemu ambayo zamani iliitwa Mocambo, wakakaa humo Waafrika wengi, watumwa na walioachwa huru. Hesabu iliyofanywa mwaka 1551 ilikuta watumwa 9,950 katika mji wenye watu kama 100,000: mtu mmoja katika kila kumi. Mbele kidogo huanza mtaa uitwao Poço dos Negros, yaani Shimo la Watu Weusi. Novemba 1515 mfalme Manuel aliandika barua kwa baraza la mji, kwa sababu maiti za watumwa zilikuwa zikitupwa ovyo, mbwa wakizila; akaamuru lichimbwe shimo refu, watupwe humo, na chokaa itiwe mara kwa mara. Wengi hulihusisha jina la mtaa na shimo hilo. Ni mfalme yule yule wa monstransi, na kati ya kazi ile na barua hii ni miaka tisa. Mtaani hapo leo pana migahawa na nguo zilizoanikwa madirishani.

Mwisho wa njia ni Terreiro do Paço, uwanja mpana ulio wazi upande mmoja kwa mto. Kabla ya tetemeko, hapa palikuwa na jumba la mfalme, na kando yake Casa da Índia, nyumba iliyopokea kila kilichotoka Afrika na Mashariki na kukitia katika hesabu. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitikisika, mto ukapanda juu ya mji, kisha moto ukala kilichosalia. Jumba liliteketea, pamoja na daftari za Casa da Índia. Vitabu ambavyo vingaliweza kutuambia ni mithkali ngapi zilizotoka Kilwa, mwaka kwa mwaka, viligeuka majivu mahali hapa.

Kitu kimoja kilikuwa kimekwisha kutoka. João de Barros alifanya kazi katika Casa da Índia kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwaka 1552 alitoa kitabu cha kwanza cha tarikh yake ya Wareno katika Asia. Ndani yake aliweka habari za wafalme wa Kilwa, tangu Ali mwana wa mfalme wa Shiraz mpaka Ibrahim aliyelipa parias, akizitoa katika tarikh ya Kilwa yenyewe iliyokuwa imefika Lisbon kwa njia asiyoieleza. Nakala aliyoitumia haikuonekana tena. Nakala nyingine ya habari hizo, kwa Kiarabu, iliyotolewa na Sayyid Barghash wa Unguja kumpa balozi John Kirk mwaka 1877, iko London. Wataalamu wa kizazi cha Freeman-Grenville na Chittick walizilinganisha hizo mbili, na Chittick akachimba ardhi ya Kilwa Kisiwani kuona kama mawe na sarafu vinakubaliana nazo. Mara nyingine vinakubaliana, mara nyingine havikubaliani. Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ya majina ya wafalme wake, Kilwa inamdai na pia inadaiwa na mwandishi wa ofisi ile iliyohesabu mali yake.

Ngazi za marumaru hushuka kutoka uwanjani mpaka majini, kati ya nguzo mbili. Maji yanapojaa, ngazi za chini hufunikwa. Jua huchwa upande wa Belém. Pantoni za Barreiro hupakia watu watokao kazini, na baadhi yao, ukisikiliza, husema lugha za Afrika. Huko Malindi, juu ya mwamba, ungali umesimama msalaba wa Vasco da Gama, ambao jiwe lake, inavyosemwa, lilichukuliwa kutoka Lisbon.